Siku ya 14 si ya kila mwanamke, tunaomba masahihisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nizungumzie ile makala ya afya mliyotoa wiki iliyopita kuhusu wanaotafuta mtoto. Mambo ya lishe mwandishi kaandika vizuri, hapo sina neno, lakini alipofika kwenye siku za kushika mimba akasema yai linatoka siku ya 14 tangu hedhi ianze, basi, akaendelea mbele, kama vile wanawake wote nchi nzima tuna mzunguko wa siku 28. Mimi nauza duka la dawa hapa Tanga na hiyo sentensi moja inawatesa watu sana, matokeo yake nayaona kaunta kila mwezi, mtu anakuja kununua kipimo cha mimba, wiki nyingine anakuja kununua pedi huku macho mekundu.

Yai linatoka wiki 2 hivi kabla ya hedhi INAYOFUATA, sio wiki 2 baada ya ile iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 28 hesabu zote mbili zinaangukia palepale kwahiyo hawezi kushtuka. Ila mwenye siku 35 yai lake linatoka kwenye siku ya 21 hivi, na mwenye siku 24 linatoka kama siku ya 10, yaani ndo kwanza kamaliza kublidi siku chache tu nyuma. Na yai likishatoka haliishi sana, saa 12 mpaka 24 limekwisha. Mbegu za mwanaume ndo zinavumilia, zinaweza kukaa ndani hadi siku 5 zikisubiri. Kwahiyo siku za kushika mimba ni kama 6, zile 5 za kabla na ile yenyewe ya yai kutoka, na watafiti wa Marekani waliliandika hili tangu 1995 kwahiyo sio habari mpya hata kidogo.

Kuna dada mmoja mteja wangu, jina simtaji, mume wake dereva wa malori ya masafa. Kila mwezi yule baba anahangaika kuomba ruhusa kwa bosi wake afike nyumbani siku ya 13, analala siku tatu, siku ya 16 alfajiri yuko barabarani. Nikamuuliza, dada, kwani mzunguko wako siku ngapi? Akasema 35, mara mojamoja 36. Nikamchorea kwenye karatasi ya kufungia dawa. Akaenda kukaa kwenye benchi pale nje akawa anahesabu kwa vidole, akamaliza akaanza tena, hakusema kitu. Muda wote huo mume alikuwa anaondoka asubuhi ileile siku za mkewe za kushika mimba zinapoanza. Na nyumbani kwa mume wameshaanza kusema maneno!

Sasa hata hesabu yenyewe haitoshi maana mzunguko unabadilika. Malaria inausogeza, msiba unausogeza, kunyonyesha, safari, kazi za usiku, na waliokuwa wanachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 wanaweza kukaa miezi mingi mpaka karibu mwaka yai halijarudi kutoka vizuri (hii haimaanishi sindano imeharibu kizazi, inachelewesha tu, inarudi). Hizi apu za simu nazo nyingi zinabahatisha kwa kalenda tu, hazijui ndani yako kunaendelea nini. Mwili ndo unajua, na unasema, tatizo hatujafundishwa kuuangalia.

Dalili kubwa ni ule ute wa ukeni. Ukimaliza kublidi kwa kawaida kunakuwa kukavu, halafu unakuja ute mzito mzito wa kunata, halafu homoni ya estrojeni ikipanda yai linapokaribia kutoka ute unakuwa mwingi, mwepesi, hauna rangi, unateleza, ukiuweka katikati ya vidole viwili ukavuta unavutika bila kukatika kama ute wa yai bichi. Ukiona huo basi ndo wenyewe, mkutane na mwenzio siku hizo kila siku au siku moja moja kuruka, msisubiri. Ute ule ndo unaozilinda mbegu na kuzipitisha, bila huo mbegu zinakufa mapema. Yai likishatoka, ndani ya siku chache ute unakuwa mzito tena au unakauka kabisa.

Na hapa ndipo roho inaponiuma, Mhariri. Wanawake wanakuja dukani kwangu wanasema wanatokwa na uchafu, wanataka antibayotiki au vidonge vya kuingiza. Nauliza unawasha? Hapana. Unanuka? Hapana. Una rangi gani? Mweupe wa maji maji, unavutika. Jamani huo sio ugonjwa! Huo ndo mwili unasema sasa. Lakini tumelelewa kwamba mwanamke msafi ni mkavu, kwahiyo mtu anaingia bafuni anajisafisha kwa ndani na kidole na sabuni, wengine ndimu, wengine maji ya chumvi, wengine wanajifukiza, anautoa ute wote siku ileile aliyokuwa anautafuta. Makungwi na mashangazi wametufundisha mengi ya maana na nawaheshimu, ila hili la kuosha ndani naomba waliache, uke unajisafisha wenyewe, kuosha ni nje tu kwa maji. Ukiona ute unawasha, una harufu mbaya, umekuwa wa kijani au una damu isiyo ya siku zako, hapo ni kweli nenda kituo cha afya ukapimwe, usije kwangu kununua dawa kwa kukisia, maana magonjwa ya zinaa kama klamidia yanaweza kuziba mirija ya uzazi bila hata kuuma.

Watu wananiambia hayo mambo ya kuangalia ute ni ya wasomi. Sio kweli. Miaka ya 70 Shirika la Afya Duniani lilifundisha wanawake wa nchi tano, zikiwemo India, Ufilipino na El Salvador, wengine hata kusoma hawajui, na zaidi ya asilimia 90 waliweza kuitambua dalili hiyo kwenye mzunguko wa kwanza tu. Sembuse sisi.

Kwa mwenye hela kidogo kuna vile vipimo vya ovulesheni vya mkojo, vinapima homoni ya LH inayopanda kama siku moja au moja na nusu kabla yai halijatoka. Sasa watu wanavisoma kama kipimo cha mimba, wakiona mistari miwili hata mmoja umefifia wanashangilia. Sivyo. Mstari wa T (wa majibu) lazima ukolee sawa na wa C (wa kulinganishia) au uupite, ukiwa umefifia bado. Na vingi usitumie mkojo wa kwanza wa asubuhi, pima mchana au jioni, na masaa mawili kabla usinywe maji mengi, soma karatasi iliyomo ndani. Wenye tatizo la vifuko kwenye ovari wanaweza kupata majibu ya uongo, wao bora waende kwa daktari moja kwa moja.

Joto la mwili nalo linasaidia ila lina kasoro yake. Unapima asubuhi kabla hujanyanyuka kitandani, hujanywa hata maji, na yai likishatoka joto linapanda kidogo sana, nyuzi 0.2 mpaka 0.5, linabaki juu mpaka ukaribie kublidi. Unahitaji kipimajoto chenye namba mbili baada ya nukta. Lakini ukiona limepanda yai limeshapita, kwahiyo ni la kukufundisha mwenendo wako na kumuonyesha daktari, sio la kuvizia siku ileile.

Na hata ukipatia siku zote bado sio kila mwezi itashika, kwa wenye afya kabisa nafasi haizidi theluthi moja kwa mwezi. Ndo maana wataalamu wanasema jaribuni mwaka mzima kabla ya kwenda hospitali, ila ukiwa na miaka 35 na zaidi ni miezi 6, na kama hedhi yako inapotea miezi au unaumwa sana tumbo usisubiri hata hiyo. Na mwende WAWILI. Karibu nusu ya wenye shida hii mwanaume naye anahusika, na kipimo cha mbegu hakina maumivu yoyote, kukaa siku 2 mpaka 7 bila kukutana halafu unatoa sampuli, kwisha. Lakini mpaka leo wanawake wanapelekwa kupimwa mirija, wanalia pale kitandani, mume hajawahi hata kuulizwa.

Kwahiyo ombi langu ni masahihisho kwenye ukurasa uleule wa afya, kwa herufi kubwa zilezile, na daktari wa wanawake aeleze ute kabla ya kalenda. Ile ya kipimo cha mbegu naomba muiweke ukurasa wa michezo, wanaume ndo wanaufungua kwanza.

Msomaji wenu,
muuza duka la dawa, Tanga