Wanagenzi wa ushonaji waanze na foronya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi mafundi cherehani wa Moshi wasiwaanzishe wanagenzi kwa gauni, bali kwa foronya na mapazia, kwa kuwa mshono ulionyooka humzoesha mtu kuongoza kitambaa kabla hajakutana na kola wala mikono ya shati. Kitambaa cha pamba kifuliwe kabla ya kukatwa, maana kikilowa hurudi, yaani hupungua ukubwa. Ziachwe sentimita 1.5 za kitambaa kati ya mshono na ukingo, na kila mshono upigwe pasi mara unapokamilika, hatua ambayo wengi huiruka, nguo ikatoka imekunjamana. Inaniuma kuona vijana wakifagia vibanda miezi mingi bila kukanyaga cherehani, ilhali vipande vya vitenge vinatupwa. Wapewe hivyo wajifunzie.

Mkazi wa Majengo,
Moshi