Lubumbashi nayo itembezwe, tena hadi Kamalondo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wenye muji huu, meya, walimu, vijana wanaosoma historia pale Unilu, chuo kikuu chetu, wote. Tuanzishe matembezi ya kuangalia majumba yetu ya zamani, na mtu wa kuongoza na kueleza, maana yanabomolewa moja moja na watoto wetu hawajui hata yalikuwa ya kazi gani.

Hii kitu nimeiona kule Philadelphia, Marekani, nilipoenda kumsalimia dada yangu. Watu wanaongozwa kwa miguu kuangalia majumba ya karne ya 19 yaliyofuata mtindo wa Wafaransa wa enzi za Napoleon III, na ukielezwa njo unaanza kuona: lile paa lililokunjwa, chini limesimama karibu wima na madirisha yake, juu limelala, kwa hiyo ndani ya paa mwenye nyumba anapata gorofa nyingine nzima, wanaliita mansard kwa jina la Mfaransa François Mansart, halafu nguzo mbilimbili, maua ya mawe, yaani ukuta mtupu hakuna. City Hall yao, jumba la serikali ya muji, ilianza kujengwa 1871 ikaisha 1901, mnara mita 167, sanamu zaidi ya 250, na Alexander Milne Calder njo alizibuni. Miaka ya 1950 walitaka kuibomoa! Wakakuta gharama ya kubomoa ni kubwa mno, wakaiacha, na leo watu wanatoka mbali kuja kuishangaa.

Yetu haina mapambo kiasi kile, muji wenyewe ni wa 1910. Lakini tuna kanisa kuu la Petro na Paulo, la matofali, tuna Poste, tuna ile Bâtiment du 30 Juin iliyojengwa miaka ya 1950 kuwa teatri na leo wabunge wa jimbo wanakaa humo, na museum iko pale pale.

Ila naomba sana matembezi yasiishie mjini. Wakoloni waliacha uwanda mtupu katikati ya mji wao na Kamalondo, mtaa wa weusi, ili weusi wakae mbali, na wale waliofyatua matofali kwa udongo wa vichuguu na kuyabeba, jioni walikuwa wanavuka kurudi kulala upande ule. Wageni nao wavuke hapo kwa miguu. Ukiwaonyesha watu uzuri wa ukuta bila kuwaambia nani aliujenga na alilala wapi, umewadanganya.

Waongozaji tunao, wazee wa Gécamines, ile kampuni ya migodi, na wa reli wanakumbuka mengi, walipwe tu kitu kwa kazi yao. Waanze hata Jumapili moja baada ya misa, hapo hapo kwenye kanisa kuu. Na nyie wa gazeti, kila wiki chapisheni picha ya jumba moja, mwache wasomaji waliofanya kazi ndani yake waandike wanachokijua.

Msomaji wenu, Katuba, Lubumbashi