Hasira ya mtoto mwenye ADHD si utovu wa adabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo husahaulika kila ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini na kutotulia, inapotajwa. Wengi sasa wanajua kwamba mtoto mwenye hali hii hutawanyika mawazo na hawezi kutulia kitini. Kinachotutoa machozi sisi wazazi wengi ni kingine: hisia zake, iwe hasira, huzuni au hata furaha, humjia kwa kishindo na huchelewa kuondoka.

Mwanangu ana miaka 9. Jioni moja alikuwa akifanya zoezi la hesabu, akakosea, akafuta kwa nguvu hadi karatasi ikachanika. Kabla sijasema neno, penseli ilikuwa imegonga ukuta, daftari liko sakafuni, naye amejikunyata chini ya meza akilia kama mtoto mchanga. Baada ya kama robo saa alitoka mwenyewe, akaliokota daftari na kuanza kuinyoosha ile karatasi kwa kiganja, tena na tena, bila kunitazama. Aliyemwona chini ya meza angesema amedekezwa. Aliyemwona akiinyoosha karatasi angetambua kwamba mtoto huyu anajua lililo jema na lililo baya, ila alishindwa kujizuia katika zile sekunde chache.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1902 daktari George Still, akihutubia madaktari wenzake mjini London, alieleza habari za watoto wenye akili ya kawaida ambao hawakuweza kujidhibiti, na hasira kali ilikuwa miongoni mwa dalili alizozitaja. Hata hivyo, mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani wa mwaka 2013, ambao hutumiwa katika nchi nyingi, una dalili 18 za ADHD na hakuna hata moja inayohusu hasira. Wepesi wa kukasirika umetajwa pembeni tu, kama jambo linaloandamana na hali hiyo. Ndiyo maana mzazi anaweza kujaza fomu nzima ya uchunguzi asiulizwe habari za vilio na milango inayobamizwa, kisha akaambiwa, kama nilivyoambiwa mimi na mwalimu mmoja, kwamba hayo ni malezi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 nchini Marekani ulilinganisha picha za ubongo wa watoto wenye ADHD na za wenzao. Tabaka la nje la ubongo lilifikia kilele cha unene wake katika umri wa takriban miaka 10 na nusu kwa wenye ADHD, na miaka 7 na nusu kwa wasio nayo, na ucheleweshaji ulionekana zaidi katika sehemu ya mbele, ambayo ndiyo hutusaidia kujizuia. Tunapomdai mtoto wa miaka 9 utulivu wa miaka 9, huenda tunamdai asichokuwa nacho bado.

Sisemi aachwe avunje vyombo. Nasema kwamba adhabu inayotolewa wakati hasira imepamba moto haimfundishi chochote, kwa sababu wakati huo hasikii. Swali la "kwa nini umefanya hivi?" humzidishia moto, lakini sauti ya chini, maneno machache na nafasi ya kukaa kando humsaidia zaidi. Mafunzo huja baadaye, akishatulia, tunapoitaja ile hisia kwa jina lake na kurudia pamoja njia ya kuomba msaada mapema. Dawa huwasaidia baadhi ya watoto hata katika hili, ingawa kwa kawaida si kwa kiwango kile zinachosaidia umakini. Na si kila mtoto mwenye hasira ana ADHD. Wasiwasi, usingizi haba na huzuni nzito huweza kuonekana vivyo hivyo, kwa hiyo uchunguzi wa mtaalamu ni wa lazima.

Kwa walimu nina ombi moja. Mnapotuita kutueleza kwamba mtoto amelipuka, tuelezeni pia kilichotokea dakika 10 kabla: nani alimcheka, kazi gani ilimshinda, mchezo gani ulikatizwa ghafla. Taarifa hiyo ndiyo tunayoweza kuifanyia kazi nyumbani.

Wako,
Mama wa mtoto mwenye ADHD