Barua kwa mwanangu: chumba kimoja na anayeshika Sabato

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Nimeupata ujumbe wako. Umepangiwa chumba pale Chuo Kikuu cha Brandeis, karibu na Boston, Marekani, na msichana wa Kiyahudi anayeshika dini yake, na unauliza utaishi naye vipi. Nianze na jiko, maana watu wa chumba kimoja hukosana jikoni kwanza.

Chakula chao halali huitwa kosha. Nguruwe hawamli, kama sisi. Ngamia pia hawamli, na cha baharini ni samaki mwenye mapezi na magamba tu: changu ndiyo, kamba, kaa, pweza, ngisi na papa hapana. Lililo zito zaidi ni kwamba nyama na maziwa havikutani, si katika sufuria, si katika sahani, si katika mlo mmoja. Akishakula nyama huenda akangoja saa sita ndipo anywe chai ya maziwa. Kwa hiyo biriani yetu ya mtindi na samli haimfai hata nyama ikiwa ya kosha. Wali wa nazi unamfaa: tui kwao si maziwa, linakaa na nyama bila taabu.

Wageni hukosea kwa kudhani sufuria ikisuguliwa ikang'aa imekwisha. Kwao chombo hufyonza ladha ya kitu cha moto. Cha chuma huweza kurudishwa kwa kuchemshwa. Cha udongo hakirudi, hutupwa. Basi ukikorogea kuku wako kwa mwiko wake wa maziwa, umemtia hasara na hatakwambia. Atakuwa na seti mbili za vyombo, mara nyingi zimetofautishwa kwa rangi. Muulize siku ya kwanza ipi ni ipi, ubandike karatasi kabatini. Kwenye maikrowevu hufunika chakula chake mara mbili, usimfunulie.

Mkipika pamoja, pikeni kwa vyombo vyake na mwache yeye awashe moto. Wako wanaotaka Myahudi awe na mkono katika upishi, na kwa wengi wao kuwasha jiko kunatosha. Kukata vitunguu na kukoroga ni halali yako. (Wengine ni wakali zaidi ya hapo, kwa hiyo uliza.) Mchicha ataukagua jani kwa jani akitafuta wadudu, na yai atalivunjia kikombeni aangalie tone la damu. Usimharakishe. Vya dukani hutazamwa alama: ile herufi U ndani ya duara ni ya kosha, na ikifuatwa na D kihesabu ni cha maziwa.

Nawe utakula chake? Nguruwe hutamkuta. Nyama imechinjwa na Ahlul-Kitabu, yaani watu wa Kitabu, Wayahudi na Wakristo: wako mashehe wanaoikubali, wako wanaotaka bismillahi kwa kila mnyama, ilhali mchinjaji wao husoma dua moja akaendelea na wengi. Hilo mwulize shehe unayemwamini. Jihadhari na divai tu, kwa sababu ipo ya kosha na huweza kuingia kwenye mchuzi.

Sasa Sabato. Mishumaa huwashwa Ijumaa dakika 18 kabla ya jua kuchwa, na mambo huisha Jumamosi usiku nyota tatu zikionekana, kama saa 25 hivi. Desemba huko Boston jua huchwa karibu saa 10 na dakika 12 jioni. Maana yake saa kumi haijagonga awe ameshaoga, ameshapika, simu ameizima. Bafu usimshikie mchana wa Ijumaa. Moto wazi kwa kawaida umekatazwa mabwenini, ndiyo sababu wengi huenda kuwasha Hillel, kwenye jumuiya ya wanafunzi wa Kiyahudi chuoni, au hutumia taa ya umeme.

Katika saa hizo haandiki, hashiki pesa, hawashi wala hazimi umeme. Mlango wa kadi ni mtihani kwake, na taa ya ukumbini inayojiwasha mtu akipita pia. Ukiona tepu kwenye swichi ya taa ya friji, iache. Nje ya nyumba habebi kitu, hata ufunguo, ila ndani ya eruv, yaani waya juu ya nguzo unaozungushwa mtaa ili uhesabike kama ua mmoja. Waya ukikatwa na dhoruba, habebi. Kwa hiyo pangeni habari ya ufunguo Alhamisi, si Ijumaa jioni.

Na hili ndilo watu wema hulivuruga. Usimwulize, "Nikuwashie taa?" Hana ruhusa ya kukutuma, na taa uliyoiwasha kwa ajili yake haimfai. Ukiwa wewe unataka kusoma, washa kwa haja yako. Hapo naye hufaidika bila kosa. Akisema tu kwamba chumba kina kiza, fahamu kwamba hawezi kukutuma, na usicheke.

Akikualika chakula cha Ijumaa Hillel, nenda. Ni jumuiya iliyoanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1923, sasa iko katika mamia ya vyuo. Husali kwa makundi, na katika lile la Waorthodoksi, Wayahudi wanaoshika sheria kwa ukali, wanaume na wanawake hutengana, kisha wote hukaa meza moja. Usipeleke chakula ulichopika, simu iache mkobani. Divai ikipitishwa, omba juisi ya zabibu. Watanawa kwa kikombe, halafu watanyamaza mpaka mkate ukatwe: ukimsemesha hapo hatakujibu, si kiburi.

Mwaka huu wa 2026 Yom Kippur, siku yao ya toba, inaanza jioni ya 20 Septemba. Watafunga bila maji mpaka usiku wa tarehe 21. Tarehe 25 jioni wataanza Sukkot, wakila ndani ya vibanda vilivyoezekwa matawi, kama makuti yetu ila nyota zionekane.

Siasa za Mashariki ya Kati msizifanye salamu. Yeye si balozi wa mtu, nawe usikubali kufanywa balozi.

Kwenye sanduku, upande wa kushoto, nimekutilia iliki, karafuu na mdalasini nzima nzima, pakiti hazijafunguliwa. Hizo ni za kupika naye. Bizari niliyosaga mwenyewe ni yako peke yako.

Mamako