MINT: Abiria wakorofi katika boti yenu ya Mokowe–Lamu

Kwa Meneja,

Kwa heshima zote. Kanuni za chombo mnazijua, wenyewe mmezibandika kwenye kibanda cha tiketi. Sitawasomea.

Jumamosi iliyopita alasiri, upepo wa kusi ukivuma, vijana waliokuwa wakitafuna miraa walimvua mtoto jaketi la kuokoa maisha wakalifanya mto wa kuegemea. Mama yake alipolalamika, utingo wenu alicheka: "Tulia mama, Lamu ile pale." Nahodha naye akazidisha mwendo.

Kwani watu wenu gatini hawakuwaona vijana hao? Walikataa kuketi tangu kamba haijafunguliwa, wakajipanga wima ubavuni. Boti ndogo ya faiba haivumilii hayo: uzito ukipanda juu na kuegemea upande mmoja, wimbi la ubavuni humalizia kazi. Ililala mpaka maji yakamwagikia mizigo. Na kukimbia wimbi likipiga ubavu ndiko kubaya zaidi. Hupunguzwa mwendo, omo, yaani mbele ya chombo, likaelekezwa wimbini, watu wakaketishwa chini katikati. Lakini dawa ya kweli iko gatini: kamba haifunguliwi mpaka kila abiria ameketi na mikanda ya jaketi imefungwa. Mkorofi huteremshwa hapo hapo, nauli yake mkononi.

Narudi kwa yule mtoto, maana hapo ndipo pananichoma. Jaketi lenyewe lilikuwa la mtu mzima, kwa sababu la kitoto hamna. Jaketi kubwa likiingia majini hupanda, mtoto akachomoka kwa chini. Ndiyo maana mama alikuwa amepitisha leso katikati ya miguu ya mwanawe akaikaza fundo. Kijana akalifungua lile fundo. Akalifungua taratibu, mbele ya utingo! Utingo mwenye sare yenu akacheka.

Naomba mama huyo arudishiwe nauli na aombwe radhi. Naomba pia jaketi za watoto katika kila boti, za vipimo vyao, zenye mkanda wa miguuni. Tena utingo huyo asipande chombo cha abiria, na nahodha asimamishwe kazi mpaka ahojiwe. Hili la mwisho si ombi.

Nawapa siku saba. Baada ya hapo Mamlaka ya Baharini (KMA) na polisi wa Lamu watapata video, fundo likifunguliwa na nambari ya boti ikisomeka. Kicheko pia kinasikika.

Abiria wenu, kwa sasa.