Medicaid ya Ohio ilipita kwenye bodi, haikupita bungeni

Mhariri,

Habari za bima ya afya Marekani zinapoandikwa kwa Kiswahili, mara nyingi huishia Washington: Rais kasema hivi, Bunge limekataa vile. Wasomaji wenu wanaoishi Columbus, Cincinnati au Cleveland wanapaswa kujua kwamba kadi za Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) za watu wazima wengi wa Ohio zilitokana na uamuzi wa gavana wao, tena kwa njia iliyoziacha bila kinga ya kutosha hadi leo.

Sheria ya afya ya mwaka 2010 ilitaka kila jimbo liwafungulie Medicaid watu wazima wote ambao kipato chao hakizidi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini. Mwaka 2013 hiyo ilikuwa kama dola 15,856 kwa mwaka kwa mtu anayeishi peke yake. Juni 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba jimbo likikataa haliwezi kunyang'anywa fedha zake za Medicaid ya zamani, na hapo mzigo ukawaangukia magavana. Ohio wakati huo, mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu hakupata Medicaid hata kama hana senti. Mzazi alikomea asilimia 90. Ruzuku za kununua bima binafsi nazo zilianzia asilimia 100, kwa sababu waliotunga sheria walitarajia walio chini ya hapo wawe tayari ndani ya Medicaid. Jimbo likikataa, mwenye nafuu kidogo anasaidiwa na fukara kabisa anaachwa.

Gavana John Kasich, wa chama cha Republican, aliijua hesabu hiyo. Aliwajua pia wapiga kura wake: Novemba 2011 karibu theluthi mbili yao walipitisha kipengele cha katiba ya jimbo kinachopinga mtu kulazimishwa kununua bima. Kwa hiyo akayatenganisha mambo mawili. Alikataa Ohio iendeshe soko lake la bima, akaiachia serikali kuu kazi hiyo. Kisha Februari 2013 akauingiza upanuzi wa Medicaid kwenye bajeti, akizungumzia wagonjwa wa akili, waraibu wa dawa za kulevya na kodi za watu wa Ohio zinazopaswa kurudi Ohio. Alisema hata kwamba Mtakatifu Petro hatamuuliza mtu sana juu ya kupunguza serikali, ila atamuuliza aliwatendea nini maskini. Naamini alisema kweli, lakini kauli hiyo iliwaudhi wahafidhina wengi ambao hoja yao haikuwa kuwachukia maskini. Hoja yao ilikuwa fedha. Serikali kuu iliahidi kulipa gharama zote za kundi jipya kuanzia 2014 hadi 2016, kisha kupungua hatua kwa hatua hadi asilimia 90 mwaka 2020. Waliuliza: ikishuka tena, nani atalipa? Lilikuwa swali halali, na bado lipo.

Wabunge wa chama chake waliuondoa upanuzi huo kwenye bajeti, wakaongeza na kifungu cha kuupiga marufuku. Gavana wa Ohio anaweza kupiga kura ya turufu dhidi ya kifungu kimoja cha bajeti na kuacha vingine, na tarehe 30 Juni 2013 Kasich alikifuta kile cha marufuku. Kuipindua turufu kunahitaji kura tatu katika kila tano kwenye kila baraza. Republican walikuwa na viti 60 kati ya 99 katika Baraza la Wawakilishi, idadi ile ile inayotakiwa. Mmoja akijitoa, hesabu inaharibika.

Marufuku ilifutika, lakini bado hapakuwa na idhini ya kutumia fedha. Ndipo akaenda kwenye Bodi ya Udhibiti, chombo cha watu saba, sita kati yao wabunge, chenye kuidhinisha matumizi ya fedha za ziada zinazotoka serikali kuu. Oktoba 21, 2013, Spika akiwa amebadilisha wajumbe wawili wa chama chake, bodi iliidhinisha karibu dola bilioni 2.6 kwa kura 5 dhidi ya 2. Wapinzani walikwenda mahakamani wakidai bodi imekiuka nia ya bunge. Mahakama ya Juu ya Ohio ikawakatalia Desemba hiyo: kifungu kilichofutwa kwa turufu si sheria, hivyo hakiwezi kuhesabiwa kuwa nia ya bunge. Januari 2014 huduma zikaanza.

Wapiga kura hawakumwadhibu. Mwaka 2014 alichaguliwa tena na kushinda katika kaunti 86 kati ya 88. Lakini kitu ambacho bunge halikukiridhia hurudi mezani kila bajeti. Mwaka 2017, watu takribani 700,000 wakiwa ndani, wabunge waliandika kifungu cha kusimamisha uandikishaji mpya kuanzia Julai 2018. Kasich akatumia turufu tena. Bajeti ya 2025, chini ya Gavana Mike DeWine, ina kifungu kizito zaidi: mchango wa serikali kuu ukishuka chini ya asilimia 90, bima ya kundi hili inasitishwa.

Juu ya hilo kuna sheria ya serikali kuu ya Julai 2025. Wakimbizi ambao bado hawajapata ukazi wa kudumu wanaondolewa kwenye Medicaid ya kawaida kuanzia Oktoba 1, 2026; jambo hili linawahusu moja kwa moja Wakongo na Wasomali wa Columbus. Ifikapo Januari 2027 watu wazima walioingia Medicaid kwa upanuzi huu watatakiwa kuthibitisha saa 80 za kazi, masomo au kujitolea kila mwezi, isipokuwa waliosamehewa, kama walio dhaifu kiafya na wazazi wa watoto wa miaka 13 kushuka chini. Uhakiki wa kustahili utakuwa kila miezi sita badala ya mwaka. Arkansas ilipojaribu sharti la kazi mwaka 2018, zaidi ya watu 18,000 walipoteza bima katika miezi michache, na wengi walikwama kwenye kutoa taarifa ingawa walikuwa wakifanya kazi.

Naomba waandishi wenu waifuatilie bajeti ya Ohio, ambayo hupitishwa kila baada ya miaka miwili na kusainiwa mwisho wa Juni, na wachapishe tarehe hizi kwa Kiswahili mapema. Barua za uhakiki hutumwa kwenye anwani iliyo kwenye kumbukumbu, na aliyehama bila kuibadilisha huenda asizipate.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio