Malalamiko kuhusu pasi ya treni na kadi za nauli za Japani

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA PASI NA KADI ZISIZOENDANA NA SAFARI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaandika kwa niaba ya wasafiri walionunua kwenu kifurushi cha Japani: kutua uwanja wa Narita, kukaa Tokyo, kwenda Kyoto na Nara, kisha Osaka na kuondokea uwanja wa Kansai. Kila abiria alitozwa Japan Rail Pass ya siku 7, yaani pasi ya kupanda treni za kampuni za reli za JR, na kadi ya Welcome Suica, kadi ya nauli ya watalii inayojazwa salio na kugongwa getini. Pasi na kadi hizo zina watu zinaowafaa. Ninyi mmeziuza kwa safari isiyozihitaji, tena kwa maelezo yasiyo ya kweli.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo fedha nyingi zilipopotea. Oktoba 2023 pasi ya siku 7 ya daraja la kawaida ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Kwa tiketi za kawaida, safari mliyoipanga ni hivi: treni ya uwanja wa ndege ya Narita Express hadi Tokyo takribani yeni 3,070, Tokyo hadi Kyoto kwa Nozomi, treni ya kasi zaidi, kiti cha kubuku, 14,170, Kyoto hadi Nara kwenda na kurudi 1,440, Kyoto hadi Osaka 580, Osaka hadi uwanja wa Kansai kama 1,200. Jumla haifiki 21,000. Abiria amelipa zaidi ya mara mbili ya nauli yake. Hata angekwenda Hiroshima kutoka Tokyo na kurudi, ambako Nozomi inakaribia 20,000 kwa upande mmoja, fedha ya pasi isingerudi. Inaanza kurudi kwa anayetoka Tokyo na kufika mbali kama kituo cha Hakata, mjini Fukuoka, na kugeuza, akiongeza na treni za uwanja wa ndege, yote ndani ya siku 7 mfululizo. Na siku huhesabiwa kwa kalenda: ukianza kuitumia saa tatu usiku, siku ya kwanza inaisha saa sita usiku huohuo.

Kipeperushi chenu kinasema pasi "inapanda treni zote". Si kweli. Kwa Nozomi, mwenye pasi hulipa nyongeza. Tokyo hadi Kyoto ni yeni 4,960. Asipolipa, apande Hikari au Kodama, treni za kasi zinazosimama vituo vingi zaidi. Treni za chini ya ardhi za Tokyo Metro na Toei haziingii kabisa, wala mabasi ya jiji la Kyoto. Kwa hiyo mtu mwenye pasi ya yeni 50,000 bado alitoa nauli mfukoni kila siku ndani ya miji.

Jambo lililotuudhi zaidi ni la wale waliokwenda kwa mafunzo na kujiunga na kundi. Pasi hii kwa raia wa kigeni ni ya aliyeingia kwa hadhi ya mgeni wa muda mfupi, na kaunta ya JR huthibitisha hilo kwenye pasipoti. Aliyeingia kama mwanafunzi au mkufunzwa hapewi, hata akiwa na vocha (hati ya kubadilishwa kuwa pasi akifika Japani) iliyolipiwa yote. Swali moja tu la aina ya viza kabla ya kupokea fedha lingetosha. Hamkuliuliza.

Kuhusu Welcome Suica, mliwatoza dhamana ya yeni 500. Kadi hiyo haina dhamana. Yenye dhamana ni Suica ya kawaida. Mkaahidi salio litarudishwa Kansai. Salio la Welcome Suica halirudishwi popote, na kadi inakufa baada ya siku 28. Hata Suica ya kawaida hurudishwa kwenye vituo vya JR East, kampuni ya upande wa Tokyo, pekee, ikikatwa yeni 220 kwenye salio. Osaka ni eneo la kampuni nyingine, JR West, wenye kadi yao ya ICOCA. Kwa safari inayoishia Kansai, ushauri sahihi ulikuwa kuongeza salio kidogo kidogo, yeni 1,000 au 2,000, na kumalizia dukani kabla ya kuondoka. Ninyi mliwaambia wajaze 10,000 siku ya kwanza.

Mliandika pia kwamba kadi "inagongwa kokote". Tangu Machi 2013 kadi 10 kubwa za nauli za Japani zinakubaliana, lakini kila safari lazima ianze na kuishia ndani ya eneo moja. Ukigonga Tokyo ukashukia Mishima, ng'ambo ya Atami linakoishia eneo la Suica, geti halifunguki; unalipa fedha taslimu kwa mhudumu na kupewa karatasi ya kwenda kufutiwa rekodi ya kuingia. Na kuna miji iliyojitoa: mabasi ya Kumamoto yaliacha kuzipokea mwaka 2024.

Tunadai yafuatayo ndani ya siku 14. Vocha ambazo hazikubadilishwa kuwa pasi zirudishiwe fedha. Kwa kanuni, anayerejesha ni wakala aliyeziuza, ndani ya mwaka mmoja tangu zitolewe, na makato yake myabebe ninyi. Waliotumia pasi warudishiwe tofauti kati ya bei yake na nauli halisi. Dhamana ya yeni 500 irudi kwa wote. Kipeperushi kiondolewe hadi kirekebishwe, kwani kuna kundi jingine mnaliandikisha sasa kwa ratiba hiyohiyo.

Tumeambatanisha nakala za risiti, vocha na kipeperushi.

Wenu,
Wawakilishi wa wasafiri